Taa ya Kupimia Noti

Taa hii niliinunua kwa sababu ya noti bandia.
Hapa Igogo dirisha langu linapitisha kiganja tu.
Wenye dagaa huja na pesa zenye magamba,
nazilaza chini ya mwanga wa zambarau, moja moja:
halali huamsha uzi wake, basi;
bandia huwaka mwili mzima, nyeupe pee,
kama mwongo aliyeulizwa swali moja akajibu matatu.
Ndivyo nilivyojifunza kutokiamini kinachowaka haraka.

Baba yangu, Lufulija, alirudi kutoka Nyarugusu
mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kizingitini kwa kina Ng'washi.
Alirudi na kikohozi, na deni la watu wawili,
na kopo la mafuta ya kupikia limejaa mawe.
"Yawekeni," alisema. "Msiyaoshe kwa sabuni."
Mama akayafanya kizuizi cha mlango.
Shangazi Holo akacheka mpaka akakaa chini:
miaka kumi na tisa shimoni,
ndugu yangu anatuletea kokoto Mwanza!
Mwanza, ambako jiwe ni jirani,
ni ukuta wa nyuma, ni pa kuanikia udaga,
ambako ukitaka kujenga Mabatini
unauomba mwamba kwanza
ndipo umwone mwenyekiti wa mtaa.

Tukamzika. Kopo likabaki.

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku.
Taa ina betri yake; niliiacha ikiwaka
nikapapasa kiberiti chini ya meza,
mkono ukagonga kopo, kopo likamwagika.

Sikupiga kelele, ingawa Shangazi anasimulia kwamba nilipiga.
Jiwe la kijivu, kijivu cha majivu ya juzi,
lilikuwa limefumbua macho: buluu, buluu-nyeupe,
kama kuna fundi ndani yake anachomelea geti.
La pili, lenye mishipa kama utumbo wa mbuzi,
liliiva taratibu, likawa rangi ya papai
lililosahauliwa siku mbili zaidi.
Na lile dogo lenye punje ya dhahabu ya kweli,
ambalo Shangazi aliliiba mara mbili
akalirudisha mara mbili,
lilikaa kimya, jeusi,
kama mgeni asiyejua lugha ya msibani.

Mwanangu Sayi, kidato cha tatu, alikuwa na jibu.
Urujuanimno, Mama: mwanga uliopita mpaka wa macho yetu.
Jiwe linaupokea, linashtuka ndani,
linakata kidogo, kama wewe unavyokata makato,
kinachobaki linakirudisha
kwa rangi tunayoweza kuipokea.
"Na mara nyingi lililo safi kabisa haliwaki," akaongeza.
"Lazima liwe na uchafu kidogo. Chembe ngeni."

Nikamwambia arudie hapo.

Chembe ngeni.
Nikaikumbuka picha ya kifua cha Baba, pale Bugando,
daktari ameinyanyua mbele ya dirisha:
madoa meupe, madoa meupe,
shimo limehama Nyarugusu limepanga ndani ya mtu.
Mwanga ule pia hauonekani,
nao pia ulimkuta na kitu.

Sijui kama alijua.
Kule chini walikuwa na tochi za kichwani,
mwanga wa manjano, wa kuonea sururu na mguu wa mwenzako.
Labda aliyaokota bure, kwa kuyapenda tu,
akaona haya kusema kwamba ameyapenda.

Nikazima taa.
La buluu likafa papo hapo.
La papai likachelewa,
likabaki gizani kidogo, peke yake, bila kusaidiwa na yeyote.
Sayi akahesabu: nne, tano.
Mimi sikuhesabu.

Kisha mtu akagonga dirisha,
akapenyeza elfu kumi iliyolowa.
Nikawasha. Nikaipima.
Ilikuwa halali.